Shairi la Lamu ni barua inayongoja jibu

CHUKUA mfano wa ndugu wawili wanaoishi Wiyoni, mtaa ulio pembezoni mwa mji wa Lamu. Wamekosana kwa sababu ya kiwanja walichoachiwa na baba yao. Wanaswali msikiti mmoja, watoto wao wanasoma chuo kimoja, na wanapokutana gatini kila mmoja hugeuza uso kana kwamba anatazama jahazi lililo mbali. Wazee wamejaribu kuwapatanisha ikashindikana, kwa kuwa kila kikao huishia katika maneno makali, na wote wawili hurudi nyumbani wakiwa na kinyongo kikubwa kuliko kile walichokwenda nacho.

Ndugu hao ni wa kubuni, lakini hali yao inajulikana katika kila mtaa na kila kijiji. Kuna maneno yasiyoweza kusemwa ana kwa ana. Hasira huyachoma kabla hayajafika, aibu huyarudisha kooni, au heshima iliyopo baina ya mkubwa na mdogo huyakataza. Ndipo linapozuka swali: mtu aliyeshindwa kuzungumza na mwenzake atamfikia kwa njia gani?

Watu wa visiwa vya Lamu wamekuwa na jibu lao tangu karne nyingi. Hutunga shairi, wakalipeleka. Utungo wa namna hiyo haukusudiwi kukaa kitabuni ukasifiwa kwa uzuri wake tu. Una mtumaji, una mpelekewa, na aghalabu una siku ya kujibiwa. Anayetaka kufahamu ni kwa nini ushairi umedumu Lamu, na ni kwa nini hivi leo unakabiliwa na hatari ambayo wengi hawaioni, hana budi kuanza na jambo hilo moja: kwamba shairi la Lamu, kwa asili yake, ni barua.

Mama, binti na wino

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Msham, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, ambaye alipambana kwa miaka mingi na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar. Wakati wa kutunga, bibi huyo alikuwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baadaye. Alikuwa na binti, Mwana Hashima, ambaye umri wake ulikuwa ungali mdogo na ambaye alikuwa karibu kubaki duniani bila mama wa kumwongoza.

Mama mwingine angemwita binti yake akamnasihi kwa maneno ya kawaida, na pengine maneno hayo yangesahauliwa baada ya matanga. Mwana Kupona alimwita mwanawe aketi karibu naye pamoja na wino na karatasi, ndipo akaanza kumhusia juu ya dini, adabu, ulimi na jamaa, na hasa juu ya maisha ya ndoa. Mwishoni aliufungua wasia huo kwa wanawake wengine, akataka nao wausome. Kwa njia hiyo barua ya nyumba moja ikawa barua ya pwani nzima, nayo ikanakiliwa mkono kwa mkono na kuhifadhiwa vifuani.

Wasia huo bado unajibiwa. Wapo wasomaji wa leo wanaoona kwamba unamfunga mke katika utiifu uliopita kiasi. Wapo pia wanaohoji kwamba mama huyo alikuwa akimfundisha binti yake hekima ya kuishi kwa usalama katika jamii iliyotawaliwa na wanaume, na kwamba chini ya unyenyekevu huo mna werevu mwingi. Mjadala huo umeendelea katika vyuo vikuu na katika nyumba za waswahili kwa zaidi ya miaka 160 baada ya kifo cha mtunzi. Ni barua chache zinazoweza kujivunia kujibiwa kwa muda mrefu namna hiyo.

Mfano wa Mwana Kupona haukubaki peke yake. Muhammad bin Abubakar Kijumwa, aliyefariki mwaka wa 1945, alikuwa malenga, mwandishi wa khati, mwanamuziki na mchonga milango maarufu wa Lamu. Ndiye aliyewanakilia wataalamu wengi wa Ulaya tendi za kale walizozichapisha baadaye. Mtu huyo aliyezoea kunakili maneno ya wengine alitunga pia utendi wake mwenyewe, Siraji, na mpelekewa alikuwa mwanawe wa kiume. Mama alimwandikia binti, na baba naye akamwandikia mwana. Jina lenyewe lina maana ya taa, nalo linaeleza nia ya mzazi anayefahamu kwamba hatakuwepo kumshika mwanawe mkono daima.

Adui naye hupelekewa

Haifai kudhani kwamba barua hizo zilikuwa za mapenzi na nasaha pekee. Mwanzoni mwa karne ya 19, mji wa Lamu ulikuwa katika uhasama mkubwa na Pate, iliyokuwa imeungana na Wamazrui wa Mombasa. Uhasama huo ulifikia kilele katika vita vya Kuduhu, vinavyojulikana pia kama vita vya Shela, takriban mwaka wa 1812. Lamu ilishinda.

Kabla ya silaha kukutana, mashairi yalikuwa yamekwisha kukutana. Tungo zilivuka bahari kutoka mji mmoja hadi mwingine, zikiwa na vitisho, kejeli, maonyo na mafumbo. Miongoni mwa watunzi wakuu wa upande wa Lamu alikuwa Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na malenga kwa wakati mmoja. Majibizano hayo yalikusanywa na wataalamu Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, wakayachapisha mwaka wa 1995 katika kitabu Mashairi ya Vita vya Kuduhu.

Ushairi haukuzuia vita hivyo, na ingekuwa kosa kuupamba kwa sifa usiyostahili. Hata hivyo majibizano hayo yanafundisha jambo. Fumbo la adui halikuweza kujibiwa mpaka lifumbuliwe, na halikufumbuliwa mpaka wazee waketi wakatafakari mwenzao anafikiri nini, anaogopa nini na anataka nini. Kwa kufanya hivyo walilazimika kumjua adui yao vizuri zaidi kuliko mtu anayemtukana tu kutoka mbali.

Kanuni inayomfunga mwenye hasira

Umbo la ushairi lenyewe ndilo linaloufanya uwe chombo cha mazungumzo. Katika utendi, kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza huishia kwa kina kimoja. Kipande cha nne huwa na kina tofauti, nacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo hadi tamati. Shairi la kawaida nalo huwa na mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16 zilizogawanywa katika sehemu mbili zenye mizani nane nane.

Yule ndugu mkubwa wa Wiyoni angeweza, kwa mfano, kuandika ubeti kama huu, uliotungwa hapa kwa ajili ya kuonyesha kanuni hiyo tu:

Ndugu yangu sikiliza
Neno langu nakweleza
Moyo wangu una kiza
Kwa siku tusizonena

Msomaji akihesabu ataona kwamba kila kipande kina mizani nane barabara. Ili kuzipata, neno "nakueleza" limebanwa likawa "nakweleza", jambo ambalo kanuni za ushairi zinaliruhusu. Vipande vitatu vya kwanza vinaishia kwa "za", na cha nne kwa "na".

Lililo muhimu zaidi ni kile ambacho hakimo. Kiwanja hakikutajwa. Haikusemwa nani aliyeanza, nani aliyekwenda kwa wakili, wala nani aliyemtolea mwenzake maneno mbele ya watu. Mizani 32 za ubeti mmoja hazina nafasi ya mambo hayo yote. Mtunzi hulazimika kuchagua lile lililo zito moyoni mwake, na akichagua kwa uaminifu hugundua kwamba kinachomuumiza si kiwanja. Ni kimya kilichoingia baina yake na nduguye.

Kisha inakuja zamu ya mwenye kujibu, na hapo ndipo penye siri ya sanaa hii. Kwa desturi, anayejibu aghalabu hufuata bahari ile ile aliyoitumia mwenzake, na mara nyingi hufuata pia kina kile kile. Hawezi kujibu kwa kukurupuka. Sharti ausome utungo aliopelekewa mara mbili au tatu, ahesabu mizani zake, atambue vina vyake, aone neno gani limewekwa mwishoni na kwa nini limewekwa hapo. Kwa maneno mengine, kabla ya kufungua kinywa chake sharti kwanza akae ndani ya maneno ya mwenzake. Watu wanaogombana barazani hukatizana kauli. Wanaojibizana kwa mashairi hawawezi kukatizana, na muda wanaoutumia kuhesabu mizani ndio muda ambao hasira hupoa.

Si kwamba njia hii haina hatari. Neno lililotiwa vina hukumbukwa kwa urahisi, na tusi lililotiwa vina hudumu kuliko tusi la kawaida. Wapo waliopasuliwa nyoyo kwa beti za kejeli ambazo mtaa mzima ulikuwa ukiziimba. Ndiyo maana malenga wa zamani waliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, na ndiyo maana mafumbo yalithaminiwa: fumbo humwachia mpelekewa mlango wa kutokea, akajifanya hakuelewa ikiwa hataki ugomvi uendelee.

Mikono mingi, sauti moja

Shairi la Lamu halikuwa kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Kwa karne nyingi tungo za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikutofautisha baadhi ya sauti za Kiswahili. Alama moja iliweza kusomwa "i" au "e", na nyingine "u" au "o". Kwa sababu hiyo karatasi peke yake haikutosha. Alihitajika msomaji anayeijua lugha, anayeyajua mazingira, na anayeweza kuongozwa na mizani na vina hadi kwenye neno lililokusudiwa.

Hivyo basi, baina ya mtunzi na mpelekewa palikuwa na watu wengine. Alikuwepo mnakili, aliyeiandika nakala kwa khati nzuri. Alikuwepo mghani, mwenye sauti ya kuupa utungo uhai. Na palikuwa na wasikilizaji, ambao walitikisa vichwa, wakanong'ona, wakakumbuka na kuyapeleka mbele waliyoyasikia. Mtu asiyejua kutunga aliweza kumwendea anayejua, akamweleza shida yake, naye malenga akaitia katika mizani. Malenga alikuwa kama mwandishi wa barua za watu wote.

Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana zaidi kwa jina la Mahmoud Mau, aliyezaliwa Lamu mwaka wa 1952, ni mfano bora wa desturi hiyo katika zama hizi. Ameishi kwa kazi ya kuoka mikate, amekuwa imamu wa Msikiti wa Pwani, na ametunga mashairi kuhusu mambo yanayowagusa watu wa mji wake. Wasiya wa Mabanati, alioutunga miaka ya 1970 akiwa angali kijana, uliwaelekea wasichana. Tungo zake nyingine zimezungumzia haki za watoto na maafa ya dawa za kulevya. Mengi kati ya mashairi hayo yaliwafikia watu kwa masikio kabla ya kuwafikia kwa macho, kwa kuwa yalirekodiwa katika kanda za kaseti na kuchezwa majumbani. Mwaka wa 2023 mkusanyiko mkubwa wa tungo zake ulichapishwa Uholanzi, ukihaririwa na wataalamu Annachiara Raia na Clarissa Vierke.

Kaseti hizo ndizo zilizobeba pia majibizano ya Kimwondo, yaliyozuka Lamu wakati wa siasa za uchaguzi katikati ya miaka ya 1970. Wafuasi wa wagombea walishambuliana na kujibizana kwa tungo zilizosikika mitaani, na mtaalamu Assibi Amidu alizichapisha kitabuni mwaka wa 1990. Katika chaguzi nyingi kampeni huwa ni kupiga kelele kuliko mpinzani. Katika Kimwondo, anayetaka kumshinda mpinzani alipaswa kwanza kumsikiliza kwa makini, kwa sababu umma uliokuwa ukisikiliza kanda ulijua kupima jibu lililoafiki na jibu lililokwepa.

Kutoka gerezani hadi gazetini

Nguvu ya ushairi wa kupelekeana haikuishia Lamu. Mombasa, mji ulioshirikiana na Lamu katika jadi hiyo kwa mapenzi na kwa uhasama, ulimtoa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka wa 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, Kenya: Twendapi? Alikaa gerezani miaka mitatu, sehemu kubwa ya muda huo akiwa peke yake. Hakuruhusiwa kuandika, lakini alitunga na kuandika kwa siri katika karatasi za chooni. Tungo hizo zilitolewa mwaka wa 1973 katika diwani Sauti ya Dhiki, iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka wa 1974.

Katika diwani hiyo mna utungo uitwao Mnazi, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi mmoja na kujibizana ubeti kwa ubeti. Wasomaji wengi wameuona mnazi huo kama mfano wa nchi na mali yake. Inastahili kuzingatiwa kwamba mfungwa aliyenyimwa mtu wa kuzungumza naye aliumba wazungumzaji wawili, akawapa kila mmoja haki ya kujitetea. Hata katika upweke wa seli, ushairi wa Kiswahili ulimkumbusha kwamba kila kauli inaye mtu wa upande wa pili.

Magazeti nayo yaliichukua desturi hiyo mapema. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka wa 1923, lilitenga nafasi ya mashairi ya wasomaji, na kupitia kurasa zake mtu wa bara na mtu wa pwani waliweza kuulizana na kujibizana bila kuwahi kuonana. Magazeti mengine ya Kiswahili ya Kenya na Tanzania yalifuata. Hadi leo, msomaji wa kurasa za mashairi anafahamu furaha ya kumwona malenga wa mji wa mbali akiitika wito uliotolewa wiki zilizotangulia.

Kina kinapovunjika

Je, desturi hiyo iko salama? Kuna sababu za kuwa na wasiwasi, na ya kwanza ni lugha yenyewe. Ushairi wa Lamu ulitungwa kwa Kiamu. Katika lahaja hiyo, "kuja" ni "kuya" na "moja" ni "moya". Maneno hayo hupatana kwa kina na "haya" na "pokeya". Mtoto wa Wiyoni anapofundishwa kwamba usemi wa nyumbani kwao ni makosa, kisha akausahihisha utendi wa kale kwa Kiswahili sanifu, "kuja" na "haya" haviimbi tena pamoja. Kina huvunjika, na pamoja nacho huvunjika uzi uliomuunganisha mtoto huyo na bibi yake.

Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka wa 2017 akiwa na umri wa takriban miaka 90, aliiona hatari hiyo mapema. Katika Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka wa 1979, alieleza kwa ushairi namna jahazi la Lamu linavyoundwa na kusafiri, akayahifadhi maneno ya mafundi na mabaharia ambayo yangeweza kupotea nao. Katika Umbuji wa Mnazi, wa mwaka wa 1985, aliufanyia hivyo mti unaolisha pwani. Nabhany hakuwa adui wa mambo mapya, kwani ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa neno "runinga". Aliwaandikia watu ambao hawajazaliwa, akijua kwamba watahitaji majina ya vitu wakati vitu vyenyewe vitakapokuwa vimetoweka.

Sababu ya pili ni namna ushairi unavyofundishwa. Mtahiniwa wa KCSE huulizwa ataje bahari, ahesabu mizani, aeleze uhuru wa mshairi na auandike ubeti kwa lugha ya nathari. Maswali hayo yana faida yake. Hata hivyo mwanafunzi anaweza kuyajibu yote kwa usahihi bila kuwahi kujiuliza utungo huo uliandikiwa nani, wala yeye mwenyewe angemjibu vipi mtunzi. Amefundishwa kuipima bahasha, akaambiwa asiifungue.

Sababu ya tatu ni simu ya mkononi, na hapa uamuzi hauna budi kuwa wa uangalifu. Simu imefanya mema mengi. Shairi lililotungwa Lamu asubuhi huweza kusikika Mombasa, Muscat au London kabla ya adhuhuri, tena kwa sauti ya mghani, kama kaseti ilivyofanya zamani. Baba aliye Ughaibuni huweza kumpelekea mwanawe wasia siku ile ile ya harusi. Tatizo ni kwamba wepesi huo umeleta tabia ya kusambaza badala ya kupeleka. Utungo hupita katika simu mia moja, jina la mtunzi likiwa limefutika njiani, na kila anayeupokea huupeleka mbele bila kuujibu, kwa kuwa haukuandikiwa yeye. Ni barua iliyopoteza anwani, na barua isiyo na anwani haimlazimu mtu yeyote kujibu.

Kazi ya kurudisha anwani

Tiba ya hali hiyo haihitaji fedha nyingi. Mwalimu anaweza kuwagawa wanafunzi wawili wawili, mmoja akatunga ubeti wa swali la kweli na mwenziwe akajibu kwa bahari na kina kile kile. Zoezi la namna hiyo litawafundisha mizani kwa haraka kuliko kuzikariri, na pamoja na mizani litawafundisha kusikiliza. Madrasa na vikundi vya vijana vinaweza kufanya vivyo hivyo. Mashindano ya mashairi, ambayo yamekuwa sehemu ya Tamasha la Kitamaduni la Lamu, yanaweza kumtuza anayejibu vizuri sawasawa na anayeanza vizuri. Na mzazi mwenye bibi aliye hai anaweza kumketisha mtoto mbele yake na simu ile ile inayolaumiwa, wakarekodi tungo kwa Kiamu kama zinavyotamkwa, jina la mtunzi likitajwa mwanzoni na jina la aliyetungiwa likitajwa mwishoni.

Wazee husema kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Utamu unaokusudiwa hapo si wa kubembeleza tu. Ni utamu wa neno lililopimwa, lililomfikiria msikilizaji kabla halijatamkwa, na lililomwachia nafasi ya kusema lake.

Wale ndugu wawili wa Wiyoni hawakuafikiana bado juu ya kiwanja. Pengine watahitaji wazee, pengine watahitaji kadhi. Shairi halipimi ardhi wala haliandiki hati. Lakini mkubwa ameupeleka ubeti wake kwa mkono wa mtoto, na mdogo ameusoma mara tatu, akahesabu mizani, akakitafuta kile kina cha mwisho kilichoachwa wazi kama mlango. Jioni, mtoto yule yule amerudi na karatasi:

Risala imenifika
Machozi yakanitoka
Jamvi nimelitandika
Njoo tuketi kunena